Mia anaijua, nne imemshinda: kisa cha binti wa genge la Gungu, Kigoma

Mteja alitaka nyanya nne. Fungu lilikuwa la tano na hela yake haikufika, akaomba apunguziwe. Mama mwenye genge alikuwa ndani anachota mawese kwenye dumu, mikono yote imelowa mafuta, akapaza sauti: "Mpe mama nyanya nne!" Binti yake wa miaka mitano na nusu akazamisha viganja kwenye sinia, akazoa, akamwagia mteja mfukoni. Zilikuwa saba. Yule mama alikuwa muungwana, akazihesabu na kurudisha tatu. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo nasubiri vitunguu vyangu.

Asubuhi ya siku hiyohiyo binti huyu alikuwa ameniimbia namba kutoka moja mpaka mia bila kuruka hata moja, bibi yake akapiga makofi. Sasa mama alipotoka ndani na kusimuliwa, alinigeukia mimi, maana anajua kazi yangu.

"Mwalimu, huyu nimemlipia tuisheni tangu Januari. Mia anaijua yote. Leo ananitia hasara ya nyanya tatu! Si utundu huu?"

Nafundisha darasa la awali hapa Kigoma, ingawa binti huyu si wa darasa langu. Nakiandika kisa chake kwa sababu kilinifumbua macho kuhusu jambo nililokuwa nimelizoea vibaya, na kwa sababu nyumba yenye genge, bibi na shangazi ina karibu kila kitu anachohitaji mtoto ili ajue kuhesabu.

Kwanza hali ya nyumba. Ilikuwa Juni 2024. Mama huyu riziki yake ni dagaa: hushuka mwaloni Kibirizi alfajiri mitumbwi inaporudi, hununua, huanika, huuza. Lakini mwaka huo shughuli za uvuvi upande wetu wa Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Akabaki nyumbani, akafungua genge mbele ya mlango: nyanya, vitunguu, mchicha, mawese ya kupima kwa chupa. Shule nazo zilikuwa zimefungwa kwa likizo. Kwa mara ya kwanza mama na mtoto walishinda pamoja mchana kutwa, tena mbele ya vitu vinavyohesabiwa. Bila hivyo tatizo hili lingeendelea kujificha mpaka darasa la pili.

Maelezo yalikuwa matatu kabla sijafungua mdomo. Mama alisema ni utundu. Bibi akasema mtoto alikuwa na njaa na mwenye njaa hapimi. Jirani mmoja, mwanamume anayependa kutoa hukumu, akasema watoto wa siku hizi hawachapwi. Mimi nikaomba nije kesho yake nikae naye nusu saa.

Nilikwenda na mise, zile kokwa za chikichi zinazobaki mawese yakishakamuliwa. Kigoma hazinunuliwi za kuchezea, unaziokota tu. Nikapanga nane kwenye mkeka. "Hesabu." Akahesabu vizuri, kidole kimoja kwa kokwa moja, moja mpaka nane.

"Kwa hiyo ziko ngapi?"

Akaanza tena: moja, mbili, tatu... mpaka nane.

"Sawa. Ziko ngapi?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali alilokwisha kulijibu, akaanza tena kutoka moja.

Hapo ndipo penye kisa chote. Kwake yeye "ngapi" ilikuwa amri ya kuimba. Kwamba ile "nane" ya mwisho ndiyo jibu, kwamba inazibeba kokwa zote na si ile aliyoigusa mwisho tu, hilo halikuwamo kichwani mwake. Nikabadilisha swali. Nipe moja: akatoa moja. Nipe mbili: akatoa mbili, haraka, bila kuhesabu. Nipe tatu. Akatazama mstari, akapitisha kidole, akaichomoa kokwa ya tatu, hiyo moja tu, akaniwekea kiganjani. "Hii ndiyo tatu."

Shangazi yake, aliyekuwa anamenya mihogo pembeni, akaangua kicheko. Shangazi huyu anaitwa Tatu, kwa kuwa ni wa tatu kuzaliwa. Alicheka, lakini mimi niliona mtoto ana hoja. Katika nyumba hiyo Tatu ni mtu mmoja. Ukipanga watoto wa bibi kwa mstari, wa tatu ndiye Tatu, wa nne ana jina lake. Kwa nini kokwa zisiwe vivyo hivyo, kila moja na jina lake? Nilipoomba nne, akazoa. Tano, akazoa. Kuanzia nne kwenda juu namba zote kwake zilikuwa na maana moja: nyingi.

Jaribio hili la "nipe" si langu. Karen Wynn, mtafiti wa Marekani, aliliandika mwaka 1990 na tena 1992, na limerudiwa na wengi tangu hapo. Alichokiona ni kwamba watoto hawaingii kwenye namba zote kwa mkupuo. Mtoto huanza kuijua "moja" peke yake, nyingine zote ni "nyingi". Miezi ikipita anaijua "mbili". Miezi tena, "tatu". Kisha jambo linageuka: anang'amua kwamba kuhesabu kwenyewe ndiko kunakotoa jibu, na tangu siku hiyo anaweza kukupa sita au tisa bila kufundishwa moja moja. Watoto aliowapima Wynn wengi waligeuka hivyo karibu na miaka mitatu na nusu. Wa kwetu alikuwa na mitano na nusu, amesimama kwenye mbili. Mama akashtuka. Nikamwambia asishtuke kwa rula ya wengine. Mtoto ambaye hajawahi kuombwa vitu vitatu kwa siku nzima, akaombwa kuimba tu, atachelewa popote azaliwe, na akianza kuombwa anakwenda.

Sasa hii mia ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu ya binti huyu ni kali, nampa haki yake. Lakini tazama kazi aliyopewa. Kiswahili kinamsaidia kati ya kumi na ishirini: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, neno lenyewe linajieleza. Kisha kinamtupa. Ndani ya "ishirini" huisikii mbili, ndani ya "thelathini" huisikii tatu, "arobaini" haina nne. Maneno haya tuliyachukua kwenye Kiarabu yakiwa mazima, na mtoto anayameza mazima. Laiti tungekuwa tunasema makumi mawili, makumi matatu, angesikia kinachoendelea. Nilimuuliza: baada ya thelathini na tisa inakuja nini? Akanyamaza, akarudi kwenye thelathini, akaiteremka yote mpaka arobaini ikamtoka mdomoni. Anajua kama tunavyojua wimbo: ukikatizwa ubeti unaanza upya.

Na kuna mtego mwingine wa lugha yetu ambao sijasikia wazazi wakiuzungumza. Mtoto ameimba "mbili". Anaenda sokoni anasikia vitunguu viwili, mafungu mawili, watu wawili, mikungu miwili. Sikio la mtu mzima halisikii tofauti, sisi tunasikia maana. Mtoto aliyeshika wimbo tu atakitafuta "viwili" ndani ya wimbo asikione. Kwa hiyo shauri langu la kwanza kwa mama lilikuwa dogo na la ajabu: wiki ya kwanza muombe vitu vinavyosema kama wimbo unavyosema. Nyanya mbili, ndizi tatu, chupa mbili, mise tatu. Vitunguu na mafungu vingoje. Alinitazama kana kwamba namwambia vitunguu vina mkosi.

Shauri la pili lilikuwa gumu zaidi kwake: aache mia. Asimwimbishe. Tuisheni ya mwezi huo alikuwa amekwisha kuilipia, na mtu aliyelipa hapendi kuambiwa alichonunua kikae kando. Sikumlaumu. Huko tuisheni walikuwa wanafanya kile ambacho mzazi anakiona na kukilipia. Mia inasikika mpaka kwa jirani. Mtoto anayekupa nyanya tatu kimya kimya hakuna anayempigia makofi.

Nami pia nina langu. Sera ya elimu ya 2014 ilitaka kila mtoto apate angalau mwaka mmoja wa awali kabla ya darasa la kwanza, na tangu ada ifutwe mwaka 2016 madarasa yetu yamejaa. Ukiwa na watoto wengi hivyo, unahesabisha kwa pamoja. Kwaya inaimba, sauti inapendeza, na ndani ya kwaya hiyo aliyesimama kwenye mbili haonekani. Kwenye fomu nimeandika mara nyingi "anahesabu 1 hadi 100". Binti huyu angekuwa wangu, ningemwandikia hivyohivyo na kuweka alama ya vema.

Tukaanza. Sheria ilikuwa moja: asiombwe zaidi ya tatu, na aombwe katika kazi ya kweli. Niletee ndizi tatu. Weka chupa mbili mlangoni. Na mama akiweka kitu mbele yake aseme jumla kwanza, ndipo ahesabu, kisha arudie jumla: "Hizi ni tatu. Moja, mbili, tatu. Tatu." Jambo hili linaonekana dogo, ila mtoto wetu alikuwa amesikia kuhesabu maelfu ya mara na hajasikia kuhesabu kukifika mahali.

Wiki ya kwanza iliharibika. Wateja hawanunui nyanya tatu, wanataka fungu, na mama katika pilikapilika akawa anamwagiza tano, sita, kumi. Siku ya sita mtoto alizoa tena, mama akamfinya sikio mbele ya mteja. Kwa siku mbili mtoto hakulisogelea sinia. Ukimwita anajibu "nafagia". Mama mwenyewe ndiye aliyenieleza, kwa aibu kidogo, nikanyamaza, maana nilijua hakuhitaji hotuba yangu. Mjomba naye akaleta simu yenye programu ya katuni zinazoimba namba kwa Kiingereza. Mtoto sasa akawa na nyimbo mbili.

Aliyeokoa jahazi ni bibi, ambaye hajakaa darasani.

Bibi ndiye anayepanga mafungu. Nyanya nne chini zimebanana, ya tano juu. Anapanga bila kuhesabu, mikono inajua, na akipita mbele ya sinia anajua kwa jicho fungu lipi limepungua. Siku moja nilimkuta, nikamwamkia "mwakeye", akaitikia bila kuinua macho kwa sababu alikuwa katikati ya mchezo. Anamwambia mjukuu afumbe macho. Anachomoa nyanya moja, anaificha kwenye kanga. "Fumbua. Mwizi kapita wapi?" Mtoto anakagua mafungu, anaonyesha. Mwanzoni bibi alikuwa anaiba ya juu, ambayo hata kipofu angeiona haipo. Kisha akaanza kuiba ya chini na kupanga upya, tatu chini moja juu. Mtoto akatazama muda mrefu. Akasema: "Hili limekonda."

Neno hilo, limekonda, nililiandika kwenye daftari usiku ule. Binti alikuwa anaziona nne na tano kama maumbo mawili tofauti bila kuhesabu. Sote tunazo namba ndogo ambazo jicho linazikamata kwa mkupuo, mbili, tatu, labda nne. Kuanzia hapo umbo ndilo linalosaidia, kama tunavyoijua tano ya dadu kwa jinsi nukta zilivyokaa. Fungu la bibi lilikuwa dadu yake. "Nyingi" ikaanza kupasuka: kumbe kuna nyingi nono na nyingi iliyokonda. Nikamwomba bibi aongeze jambo moja tu, ataje namba. "Hili lina nne, limekonda. Hili lina tano." Akaona ni kazi rahisi mno kustahili kuombwa.

Jioni shangazi Tatu akamwingiza kwenye mdako. Wanaoujua watacheka nikiueleza: shimo dogo ardhini, kokoto ndani yake, unarusha kete juu, kabla haijashuka unazikwangua kokoto nje, unarusha tena unazirudisha zote isipokuwa moja. Mzunguko unaofuata unaacha mbili kwa pamoja, kisha tatu. Ukiacha mbili palipotakiwa tatu, umetoka. Hakuna mwalimu anayeweza kumwambia mtoto "tatu ni tatu, si mbili wala nne" kwa ukali unaozidi wa wenzake wanaongoja zamu. Mikono yake ilikuwa bado mizito, alitolewa haraka, lakini alikaa pale akiwachunga wengine wasiibe. Nadhani huko kuchunga kulimfaa kuliko kucheza.

Katikati ya Julai, shule zimekwisha funguliwa, nilimpima tena kwa mise. Tatu alitoa bila shida, na safari hii zilikuwa tatu kweli. Nikaomba nne. Akatoa tatu, akasita, akaziangalia, akachukua nyingine akaiweka juu yake kama bibi anavyofanya. "Na moja tena." Sikumsifu sana, niliogopa kumvuruga. Wiki hiyohiyo mama akaanza kumwomba vitunguu, naye siku moja akatangaza kwa sauti kwamba amemletea bibi "vitunguu visita". Mama akataka kumrekebisha. Nikasema mwache kwanza! Mtoto anayesema visita amejua kwamba sita ni ndugu yao vitatu na vinne. Kosa lake ni la sarufi, na lina akili ndani yake. Hawezi kujua kwamba sita, saba na tisa ni wageni wasiovaa sare za nyumbani. Atazoea.

Siku yenyewe sikuwepo, nasimulia alivyonisimulia mama. Mteja alitaka ndizi sita kutoka kwenye chana. Binti akazikata moja moja, anahesabu kwa kunong'ona, alipofika sita akaweka kiganja juu ya zilizobaki kama mtu anayefunika chungu. Mama, kwa kukumbuka nilivyofanya, akauliza: "Ziko ngapi hizo?" "Sita." Hakurudia kuhesabu. Mama akamuuliza tena kumjaribu, na mtoto akajibu kwa kero kidogo: "Si nimesema sita?" Tangu hapo akaombwa saba, tisa, kumi na mbili, akatoa, mara nyingi sawasawa, akikosea ni kwa kuruka kimoja au kukihesabu mara mbili. Kosa la namna hiyo ni la uzembe wa kidole. Lile la Juni lilikuwa jingine kabisa.

Je, ni nini kilichofanya kazi? Mambo yalibadilika kwa pamoja: mama alikuwepo, kuimbishwa kulipungua, mafungu, mdako, na umri wenyewe ulisogea wiki sita. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua fungu la bibi, na uamuzi wa kushuka mpaka pale mtoto aliposimama badala ya kumvuta kutoka juu. Jirani wa viboko anasema ni lile sikio lililofinywa. Tumeacha ubishi huo.

Tulikosea pia kwa kutaka kwenda mbio. Baada ya ushindi wa ndizi mama alimpa kazi ya chenji. Tukamwekea sarafu tatu za shilingi 100 upande mmoja na sarafu moja ya 500 upande wa pili, tukamuuliza hela nyingi ziko wapi. Akaonyesha zile tatu, na kwa jinsi tulivyomfundisha yuko sahihi kabisa: tumetumia mwezi mzima kumwaminisha kwamba kitu kimoja ni moja, leo tunamletea kitu kimoja kinachoitwa mia tano. Nilishauri hela zingoje. Kadhalika nilipozitawanya mise tano zikawa mstari mrefu, alisema zimeongezeka. Hilo Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alilionyesha zamani, linawachukua watoto wengi mpaka miaka sita au saba, na sikuona haja ya kulikimbilia.

"Hela zingoje?" mama akauliza. "Mwalimu, biashara hiyo haingoji."

Hakungoja kweli. Uvuvi ulipofunguliwa Agosti alirudi Kibirizi, genge likabaki kwa bibi, na kwa binti saa za jioni. Mwishoni mwa mwezi nilipita nikanunua mafungu mawili ya nyanya. Akamimina la kwanza mfukoni: "Tano." Akamimina la pili: "Tano." Nikamuuliza nina nyanya ngapi zote, nikitumaini ataanzia tano, aendelee sita, saba. Akafungua mfuko wangu, akaingiza mkono mpaka chini, akaanza: moja, mbili, tatu... Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika watu watatu. Alipomaliza alisema kumi, akanidai elfu moja.